Nyumba Njema si Mlango: Uhakiki wa Sakafu za Ugogo

Wazee wetu wa pwani walituachia usemi kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Usemi huo tunautumia kila siku, na kila siku tunaukaidi. Mlango wa Unguja na wa Lamu umeimbwa, umepigwa picha, umeandikiwa vitabu na kuuzwa kwa wageni. Nakshi zake, misumari yake ya shaba na maandishi yaliyochongwa juu yake yamekuwa kama muhuri wa ustaarabu wetu. Lakini mtu akiutii usemi wenyewe, akafungua na kuingia, anapokewa kwanza na sakafu. Huvua viatu, hukanyaga, na kabla hajaamkiwa amekwisha kujua kama nyumba hii ni ya baridi au ya joto, ya vumbi au ya unyevu, ya mtu mwenye kutunza au mwenye kupuuza. Ajabu ni kuwa wahakiki wetu, ambao hawaachi ua moja la mlango bila kulifasiri, sakafu huikanyaga tu wakapita.

Katika makala haya tunakusudia kuisoma sakafu kama isomwavyo kazi nyingine yoyote ya sanaa, kwa fani yake na kwa maudhui yake. Tumechagua kuisomea mbali na bahari, katika Dodoma na uwanda wa kati, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa huko hakuna matumbawe wala mikoko. Aliyetaka kuipamba sakafu yake ilimlazimu aokote pambo palepale chini ya miguu yake. Ya pili ni kuwa Dodoma, iliyoamuliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973 na kutangazwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, inafunikwa ardhi yake kwa kasi isiyopata kuonekana. Nyumba, barabara, baraza na nyua zinatandazwa kila wiki, na mwenye nyumba anaulizwa na fundi swali moja tu: utaweka nini chini? Mara nyingi jibu hutolewa na bei. Basi inafaa tuulize urembo wa bei nafuu ni upi, na unafuu huo ni wa nani.

Neno na safari yake

Tuanze na neno lenyewe. Sakafu tumeipata kutoka Kiarabu, na huko asili yake, saqf, ni paa, yaani kile kilicho juu ya kichwa. Lilipofika kwetu neno hilo lilishuka hadi miguuni, na nyumba zetu za mawe zinaonyesha lilivyoshuka. Katika Mji Mkongwe boriti za mikoko hulazwa juu ya kuta, juu ya boriti hupangwa mawe ya matumbawe, na juu ya mawe humwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto, ikapigwa kwa vipande vya mti mpaka ikashikamana. Kazi hiyo ya kupiga ilifanywa na watu wengi waliojipanga safu, nayo ilikwenda kwa wimbo. Kilichopatikana kilikuwa kitu kimoja chenye majina mawili: aliye chini alikiona paa, aliye juu alikiona sakafu.

Sasa na tupande bara. Nyumba ya asili ya Wagogo ni tembe, nyumba fupi ya pembe nne iliyozunguka ua ambamo ng'ombe hulala usiku. Kuta zake ni miti iliyokandikwa udongo. Paa lake ni la kutandaza: nguzo hubeba magogo, juu ya magogo hupangwa fito na matawi, na juu ya matawi hutandikwa udongo ukashindiliwa. Mtu wa tembe basi huishi kati ya sakafu mbili, moja ya kukanyaga na moja ya kumfunika, zote za udongo uleule. Mvua ya Dodoma, ambayo kwa mwaka ni kama milimita 570 na hunyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili, iliruhusu paa la namna hiyo. Kwetu Unguja, ambako mvua ya mwaka ni zaidi ya mara mbili ya hiyo, udongo mtupu ungeteremka na maji kabla masika hayajaisha, ndiyo maana tukaihitaji chokaa. Kilichozitenga sakafu hizi mbili ni mvua na mawe. Wazo la ujenzi ni moja, na pengine neno letu lenye asili ya paa linaifaa tembe kuliko linavyozifaa nyumba zetu.

Wala tembe haikuwa ngeni kwa watu wa pwani. Misafara ya karne ya 19 iliyoondoka Bagamoyo ilipita Ugogo, ikilipa hongo kwa watemi wa huko ili ipewe njia na maji. Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili waliokaa Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, walijenga tembe wakaishi humo. Tembe ya Kwihara, alikokaa David Livingstone mwaka 1872, imejengwa upya na ni makumbusho. Babu zetu hao walilala juu ya udongo na chini ya udongo kwa miaka mingi. Simulizi walizoturithisha ni za pembe, za hongo na za watumwa, sakafu haimo. Tulipokuja kuwaita watu wa bara kwa majina ya kuwadharau kwa sababu wanakaa juu ya udongo, tulikuwa tumesahau kwamba udongo huo ulitukarimu.

Fani

Sakafu ya udongo hutengenezwaje? Ardhi huchimbuliwa juu juu, mawe na mizizi ikaondolewa, ikanyunyiziwa maji na kushindiliwa kwa gogo. Juu yake hutandazwa udongo uliochaguliwa. Katika sehemu nyingi za bara unaopendwa ni wa kichuguu, kwa kuwa mchwa wamekwisha kuuchambua: chembe laini wamezipandisha, kokoto wameziacha chini. Mwisho sakafu husiribwa kwa mchanganyiko wa udongo, kinyesi kibichi cha ng'ombe, maji na pengine majivu. Nyuzi za majani zilizomo katika kinyesi hushika udongo usipasuke unapokauka, na majivu huipa sakafu rangi ya kijivu iliyotulia. Kazi huanzia ukuta wa ndani kuelekea mlangoni, ili mwenye kusiriba asikanyage alichokwisha kusiriba.

Hapa ndipo pambo linapozaliwa. Mkono wa mtu aliyepiga magoti hauchori mstari ulionyooka. Bega huwa kigingi, mkono huwa kamba, na kila mpako huwa kipande cha duara. Tao hufuata tao, safu hulalia safu, mpaka chumba chote kikawa kama magamba ya samaki. Urefu wa tao ni urefu wa mkono wa mama aliyelipaka. Nafasi baina ya tao na tao ni kiasi anachoweza kusogea bila kuinuka. Washairi wetu wanaojua kuwa mizani imefungwa na pumzi hawatashangaa kusikia kuwa nakshi hii imefungwa na mkono. Adhuhuri, jua likiwa utosini, matao hayo hayaonekani. Asubuhi na jioni, nuru inapoingia mlangoni kwa upande, yote huamka. Ni nakshi yenye saa zake.

Nje ya nyumba kazi hiyo huendelezwa na ufagio wa vijiti. Uwanja uliofagiwa huachwa na michirizi ya upinde, ya kwenda na ya kurudi, kutoka mlangoni hadi penye ua. Msomaji asidhani kuwa michirizi hiyo ni ya kupendeza macho peke yake. Uwanja uliofagiwa jioni humweleza mwenye nyumba asubuhi ni nani aliyepita usiku, mtu, mbuzi au fisi. Penye mavuno, kiwanja cha kupuria mtama na uwele hutakiwa kiwe kigumu na kisafi, ili punje zisichanganyike na vumbi. Ulaini wa sakafu huko ni chakula kilichookolewa. Hili ni somo kwa wale wanaotenganisha kabisa uzuri na manufaa.

Rangi nazo hazikununuliwa. Uwanda wa kati una udongo mwekundu wa miteremko, udongo mweusi wa mbugani unaopasuka kiangazi, udongo mweupe wa mfinyanzi, na mchanga mng'avu wa makorongo ambao mito ya msimu huuacha ikishakauka. Wekundu na weupe huo haukuanza kutumiwa jana. Katika mapango ya Kolo wilayani Kondoa, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006 na ambayo Mary Leakey aliinakili michoro yake mwaka 1951, michoro mingi ni myekundu, na mingine, inayodhaniwa kuwa ya baadaye, ni myeupe. Mchoraji wa pangoni na mama wa tembe wametenganishwa na miaka mingi sana, ila duka lao la rangi ni moja.

Ugumu wa udongo huu nao una historia yake. Kati ya mwaka 1947 na 1951 serikali ya Uingereza ilijaribu kulima karanga kwa mashine huko Kongwa, kwa gharama iliyofikia zaidi ya pauni milioni 35. Miongoni mwa mambo yaliyoushinda mpango huo ni ardhi yenyewe: kiangazi ilikauka ikawa kama saruji, majembe ya matrekta yakalika, na karanga zilizoota hazikung'oleka kwa urahisi. Vitabu vya historia huisimulia habari hiyo kama kisa cha kushindwa, na ndivyo ilivyokuwa kwa mkulima wa mashine. Kwa mwenye kusiriba, habari hiyohiyo ni sifa. Udongo uliolishinda jembe ndio uliokuwa ukibeba nyayo za watu na ngoma zao siku zote.

Ulimwenguni sanaa hii ina ndugu. Katika India ya kusini wanawake huchora kila alfajiri mbele ya mlango michoro iitwayo kolam kwa unga wa mchele: nukta hupangwa kwanza, kisha mstari ukazizunguka bila kukatika. Kabla ya jioni michoro imekanyagwa na kuliwa na sisimizi, na kesho huchorwa mingine. Wataalamu wa hesabu wameiandikia kolam, na wasanii huionyesha katika kumbi. Tao la Kigogo na kolam vinafanana kwa jambo kubwa: vyote viwili ni kazi ya mwanamke, ya kila siku, isiyobaki. Tofauti ni kuwa ya India imepata wahakiki, nasi ya kwetu tumeiita matope.

Maudhui

Sakafu hii inasema nini? Tunavyoisoma, dhamira yake kuu ni kurudia. Mlango wa Unguja huchongwa mara moja na kuzeeka kwa heshima; sakafu ya udongo hufa kila baada ya siku chache na kufufuliwa. Uzuri wake haukai katika kitu, unakaa katika kitendo. Nyumba ambayo sakafu yake imesiribwa juzi inasema kuwa ndani yake mna mtu mzima wa afya, mwenye ng'ombe au jirani mwenye ng'ombe, aliyepata maji na aliyepata wasaa. Nyumba ambayo sakafu yake imebanduka inatangaza msiba, ugonjwa au safari. Kwa hiyo anayejua kuisoma hahitaji kuuliza hodi mara mbili.

Lakini mhakiki mwaminifu hawezi kuishia katika sifa. Husemwa kuwa sakafu ya udongo ni ya bure. Ni ya bure kwa nani? Ndoo ya maji ya kusiribia imetoka kisimani au bombani, na katika nchi kame kama Ugogo imebebwa kichwani kwa mwendo. Magoti yaliyoinama ni ya mwanamke, na siku iliyokwenda ni yake. Shilingi haikutoka mfukoni mwa baba kwa sababu kazi imetoka mwilini mwa mama. Mashairi mengi yanayosifu usafi wa nyumba zetu yamekaa kimya juu ya hesabu hiyo.

Liko pia suala la afya, nalo si dogo. Kinyesi cha ng'ombe na nzi huenda pamoja, na Kongwa ni mojawapo ya sehemu zilizochunguzwa sana duniani kuhusu vikope, yaani trakoma, ugonjwa unaosambazwa na nzi na na nyuso zisizooshwa, na unaopofusha. Funza huishi katika vumbi la sakafu. Mtoto anayetambaa hula anachokitambalia. Nchini Meksiko serikali ilianza mwaka 2000, katika jimbo la Coahuila, mpango wa kuwawekea maskini sakafu ya saruji badala ya udongo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa watoto wa nyumba hizo walipungukiwa na minyoo, kuhara na upungufu wa damu, na mama zao waliridhika zaidi na maisha. Hatuna haki ya kumwambia mama wa Bahi au wa Mpwapwa abaki na udongo wake ili sisi tupate la kuhakiki.

Basi tatizo liko wapi? Liko katika namna tunavyoisoma sakafu. Madodoso ya sensa na ya uchunguzi wa kaya huuliza sakafu imetengenezwa kwa nini, na jibu la udongo au la kinyesi huhesabiwa katika dalili za ufukara. Kwa swali la ugonjwa na la kipato, dodoso lina haki yake. Kosa hutokea pale jibu hilo linapochukuliwa kuwa limejibu swali jingine ambalo halikuulizwa, yaani kama watu hawa wana sanaa. Tangu Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, watu walipohamishiwa vijijini na kuhimizwa kujenga nyumba bora, tembe ilihesabiwa miongoni mwa mambo ya kuachwa. Iliachwa yote kwa pamoja, ugonjwa wake na ujuzi wake. Hakuna aliyetenganisha nzi na tao.

Sakafu za leo

Tuangalie sasa kilichokuja mahali pake, tukianza na kile kinachoshindwa.

Kwanza ni vigae vya kauri, ambavyo madukani huitwa marumaru. Neno hilo nalo limesafiri: zamani lilikuwa jiwe lililopasuliwa mlimani, leo ni udongo uliochomwa kiwandani na kupakwa picha ya jiwe. Ndani ya nyumba vigae vina faida zake: huoshwa, hukauka, havifichi nzi. Vikitoka nje, barazani, katika jua la mahali palipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na penye vumbi miezi saba ya mwaka, hushindwa. Humulika macho, huonyesha kila unyayo, na mvua ya kwanza ya Desemba huvigeuza utelezi. Kuhusu zulia la plastiki lililochapwa picha ya mbao au ya vigae, tunasema machache: ni la bei nafuu na linafagilika, ila ni tamathali ya tamathali, plastiki inayoiga kauri inayoiga jiwe. Shairi la namna hiyo tungelirudisha kwa mwandishi.

Pili ni matofali ya kutandaza chini, ambayo mafundi huyaita pevingi. Haya yana hoja. Hulazwa juu ya mchanga bila kumwagiwa zege, kwa hiyo moja likivunjika hubadilishwa peke yake, na maji hupenya kidogo katika maungio. Mwenye jicho anaweza kuyapanga kwa mtindo wa mfupa wa samaki au kuchanganya rangi mbili akapata mpaka na kitovu. Udhaifu wake ni kutandazwa ukuta hadi ukuta, mti hadi mti. Ua uliofunikwa wote huikanza nyumba mchana na kuisukumia barabarani mvua ambayo ardhi kame ilikuwa ikiisubiri miezi saba. Shairi zuri lina mahali pa kupumulia. Ua nao uachiwe udongo penye miti.

Tatu, na hapa sifa zinaanza, ni sakafu ya saruji iliyopigwa niru na kutiwa rangi nyekundu ya unga. Ni ya zamani katika nyumba za wafanyakazi wa reli na za serikali, na bado ni rahisi. Fundi hodari huigawa kabla haijakauka kwa uzi uliovutwa na kukandamizwa, ikapata miraba. Hodari zaidi hufunga kamba katika kigingi na kuchora duara mbele ya mlango. Gharama ya mstari huo ni uzi. Wekundu wake unaitikia wekundu wa ardhi ya nje, vumbi likiingia halitukani. Hii ni sakafu inayojua iko wapi.

Nne ni vipande. Kila ujenzi huacha vigae vilivyovunjika, na machimbo huacha vipande vya mawe, kwa kuwa Dodoma imekaa juu ya mawe magumu ya matale yanayojitokeza katika vilima vyake. Mwenye kuviokota, akavilaza juu ya saruji mbichi kimoja kimoja, kikubwa katikati na vidogo pembeni, hupata baraza isiyofanana na nyingine yoyote. Wapo wanaokandamiza vizibo vya chupa, wapo wanaochomeka chupa kichwa chini kuzungushia bustani. Macho yaliyozoea vya dukani huona takataka. Mhakiki anaona jambo lilelile lililofanywa na mama wa tembe, kuokota pambo palepale lilipo. Makosa ya kazi hii huwa mawili: kuchanganya rangi zote kwa pamoja bila kuchagua, na kusahau nyayo za mtoto mbele ya ncha kali. Vipande vya nje visuguliwe makali yake, na vya kung'aa viwe vichache.

Tano ni mawe yaliyopakwa chokaa, pambo la umma kuliko yote. Hupanga njia za shule, za zahanati, za vituo vya polisi na za makanisa, na mara nyingi hupangwa yakawa herufi: jina la shule, neno la kukaribisha, kaulimbiu. Hapa, enyi wapenzi wa maandishi, ardhi yenyewe imekuwa ukurasa, na wanafunzi waliopanga herufi hizo walijifunza tahajia kwa mikono. Mawe hayo hupakwa upya kila anapotarajiwa mgeni mkubwa. Tungependa yapakwe hata pasipo mgeni, na yaandike zaidi ya kaulimbiu. Kwa nini uwanja wa shule ya Chamwino au Manyoni usibebe ubeti wa mwanafunzi wake mwenyewe, ukabadilishwa kila muhula? Gharama ni mfuko wa chokaa.

Vipimo

Kutokana na hayo tunapendekeza vipimo vitatu vya kuihakikia sakafu yoyote ya bei nafuu, ya bara au ya kisiwani. Je, inaitikia mahali ilipo, jua lake, vumbi lake na maji yake? Je, mwenyewe anaweza kuitengeneza inapoharibika, bila kumsubiri muuzaji? Je, inaonyesha mkono na uchaguzi wa mtu, au inaonyesha uwezo wa mfuko peke yake? Sakafu ya udongo inapasi vyote vitatu na kuanguka katika cha nne ambacho ni sharti la vyote, kwamba isimdhuru anayekaa juu yake.

Swali ni kama sharti hilo linaweza kutimizwa bila kuupoteza udongo. Linaweza. Nchini Rwanda shirika la EarthEnable, lililoanzishwa mwaka 2014, hutengeneza sakafu za changarawe na udongo ulioshindiliwa, kisha likazipaka mafuta yanayokauka na kuwa gamba gumu. Sakafu huoshwa kama ya saruji, na bei yake ni ndogo kuliko ya saruji. Kinyesi hakimo, na kazi ya kusiriba kila wiki imekwisha. Kilichobaki ni udongo, rangi yake na tao, kama fundi atapenda kuliacha tao. Tunasisitiza maneno hayo ya mwisho. Mafuta yanaweza kuuokoa udongo na bado yakafuta nakshi, ikiwa fundi atafundishwa kuwa sakafu bora ni ile isiyo na alama ya mkono. Ndiyo maana suala hili haliwezi kuachiwa wahandisi peke yao.

Sisi wa visiwani tunahusika vipi? Tunahusika kwa sababu jambo lenyewe limekwisha kutufika. Mkeka wa ukindu, wenye rangi na wakati mwingine wenye maneno yaliyosukwa ndani, unaondoka katika vyumba vyetu na mahali pake unakuja mkeka wa plastiki. Chokaa inaondoka na saruji inaingia, hata katika nyumba za mawe ambazo saruji huzidhuru kwa kufungia unyevu ndani ya kuta. Tunalalamikia mambo hayo kwa sauti kubwa, na tuna haki. Lakini lalamiko letu lingekuwa na uzito zaidi kama lingemjumuisha mama wa Ugogo, ambaye hakupata hata jina la usanii la kupoteza.

Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliifikisha sauti ya Ugogo duniani kwa zeze na ilimba, na leo sauti hiyo imo katika kanda na santuri. Anayetaka kujifunza anaweza kuisikiliza. Ngoma za muheme nazo zimepigwa picha, na wanawake wanaozicheza wamepanda majukwaa ya ng'ambo. Sakafu haina kanda. Kila inaposiribwa upya ya jana hufutika, na ujuzi wake umehifadhiwa katika mikono ya akina mama ambao wengi sasa ni wazee, katika vijiji vinavyomezwa na jiji. Wanafunzi wa sanaa na wa fasihi wa Chuo Kikuu cha Dodoma wanakaa jirani nao kabisa. Wachukue kamera na daftari, wawaulize akina mama hao mitindo yao inaitwaje, tao la kwanza huanzia wapi na kwa nini, kisha watuletee majibu tuyachapishe katika kurasa kama hizi, pamoja na mashairi.